Neno Nililompelekea Bi Kidawa

Wenzangu wa chumba cha nguo, mlinicheka niliposema nastaafu. Mtu wa miaka thelathini na moja anastaafu nini, mlisema, hata mvi hana. Lakini daktari wa ngozi aliishika mikono yangu, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua samaki, akasema maji ya jiki basi, sabuni ya unga basi. Na kazi ya kufua mashuka ya hospitali bila vitu hivyo viwili bado haijavumbuliwa. Kwa hiyo nimestaafu. Wengine huwa wanastaafu mwili mzima, mimi nimestaafu mikono.

Mliniomba niwaachie maelekezo ya kazi. Nimenunua daftari, nimekaa nalo hapa Tongoni kwa mama, na kila nikianza kuandika habari za sabuni najikuta naandika habari za watu. Mtanisamehe. Habari za sabuni zimo pia.

Siku ya kwanza nilivaa gauni la maua na viatu vyenye kisigino. Barua yangu ilisema msaidizi wa hospitali, nami akilini nilishajiona nimesimama pembeni ya kitanda, nimeshika mkono wa mgonjwa, jua linaingia dirishani. Ndoto yangu ilikuwa uuguzi. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa na ndoto nyingine kabisa. Nikapelekwa nyuma ya majengo, nikapita jiko, nikaingia chumba chenye mvuke, na mbele yangu rundo la mashuka linanifika kifuani. Nyuma ya rundo alikuwapo mzee mmoja kwenye cherehani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivyo viatu ni vya kufulia au umepotea njia ya harusini?"

Huyo ndiye Mzee Benedikto, fundi cherehani wa hospitali, ambaye ninyi wageni mmemkuta jina tu. Alishona mashuka, mapazia na nguo za chumba cha upasuaji, na kwa kuwa alikuwa mkongwe kuliko sote, ndiye aliyefundisha kila mtu kazi. Somo la kwanza alinipa kabla sijavua viatu. Shuka lenye damu huanzia maji ya baridi. Ukilimwagia ya moto umeipika damu, na damu iliyopikwa haitoki, utafua mpaka uolewe. Hilo liandikeni ukutani. Loweka baridi, suuza, ndipo jiki, ndipo moto. Na msichanganye mashuka ya wodi ya wazazi na ya wodi nyingine hata siku mkiwa na haraka, maana ndiyo siku mtakayojuta.

Somo la pili ni kukunja. Shuka hukunjwa na watu wawili, ncha kwa ncha, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Watu wawili walioshika shuka moja hawawezi kukaa kimya siku nzima, na Mzee Benedikto hakuwa na habari za mpira wala za siasa. Alikuwa na Kilatini.

Wazazi wake walikuja Tanga kukata mkonge, wakatoka mbali huko, yeye akazaliwa kambini. Mapadri wakaona kichwa chake chepesi, wakampeleka seminari, akakisoma Kilatini miaka kadhaa, halafu akarudishwa nyumbani. Niliwahi kumuuliza sababu. "Nilicheka kwenye misa," akasema. Nikangoja aendelee. Hakuendelea mpaka leo.

Basi tunakunja, yeye anauliza. "Hospitali, unajua ni nini?" Nasema ni hapa. "Hapa ni hapa. Neno lenyewe ni *hospes*. Mgeni, na pia mwenye kumpokea mgeni. Kwa hiyo ukimpa mtu shuka chafu umemkaribisha mgeni kwenye mkeka wenye mchanga." Shuka la pili. "Mgonjwa kwa Kiingereza ni *patient*. Linatoka kwenye *patior*, navumilia, nateseka. Daktari ni *docere*, kufundisha." Siku nyingine akaniambia ambulansi inatokana na neno la kutembea kwa miguu, nikamwambia kwa hili gari letu wala sishangai, kila wiki linasukumwa. Alicheka mpaka akavua miwani.

Mimi mtu ambaye shuleni Kiingereza kilinipiga chenga miaka minne, nilianza kukipenda. Nilijua kila neno lina bibi yake mahali, ukimjua bibi umemjua mjukuu. Nilikuwa na kidaftari mfukoni mwa gauni la kazi. Nilijiambia, Mwanakombo, polepole hivi hivi utafika darasa la uuguzi, neno kwa neno, kama anayejenga nyumba kwa kuokota mawe njiani.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Mnajua karatasi zinazoletwa kutoka wodini kila asubuhi: namba ya kitanda, mashuka mangapi. Mara moja moja nesi huandika na sababu ya kuomba ya ziada. Mwaka wangu wa tatu nilianza kuona neno moja, *palliative*. Mara ya kwanza lilikuwa la mzee mmoja wa Pangani, nikapeleka mashuka mawili ya ziada, na siku tatu baadaye wanawe wakaja kumchukua, wamempakata vizuri, wanaagana na manesi. Mara ya pili mama mmoja wa Muheza, naye alirudi nyumbani. Mara ya tatu vilevile. Nikakaa nikalipima. Kila anayeandikiwa neno hili anapewa vitu vizuri, anasemeshwa taratibu, halafu anaruhusiwa. Nikaandika kwenye kidaftari: amepata nafuu, anarudi kwao.

Sikumuuliza Mzee Benedikto. Hili nalisema wazi. Nilitaka kuwa na neno moja nililolipata kwa akili yangu, nije nimshangaze nalo tukiwa tunakunja.

Wakati huo katika wodi ya wanawake alikuwepo Bi Kidawa. Mtu wa Pemba, ameshakaa Tanga miaka mingi kwa mtoto wa nduguye, msichana aitwaye Saumu aliyekuwa anauza maandazi asubuhi na kuja wodini mchana. Tumbo lilikuwa limemvimba na mwili umebaki mifupa, lakini ulimi ulikuwa mzima kuliko wa wote mle ndani. Nikiingia na mashuka ananiita.

"Weye mwana wa Tongoni! Shuka hili mbona linanuka kama kisima cha shule?"

"Jiki hiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mie nilidhani nishakufa wananiosha."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Makame, aliyebaki Pemba kwenye mikarafuu ya marehemu baba yake. Daktari alimwambia Saumu amwite huyo kijana, anataka kukaa naye wazungumze. Makame akasema atapanda boti ya Jumanne. Na Bi Kidawa badala ya kufurahi akaanza kuhangaika. Karafuu zimewiva, alisema. Karafuu haingoji mtu, zikishachanua ndiyo basi, mwaka mzima umekwenda. Aje aache mali mtini kwa sababu ya tumbo la mtu mzima?

Jumatatu asubuhi nilipeleka mashuka mawili ya ziada kitandani kwake. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Akanishika mkono.

"Mwanangu, weye unasoma. Hapo wameniandika nini?"

Kanuni ya hospitali mnaijua: sisi si watu wa kusoma faili wala kueleza ugonjwa wa mtu. Nami nilikuwa naijua. Lakini aliniuliza mimi, si nesi. Nilisikia raha moyoni kama nimevalishwa ile nguo nyeupe ya uuguzi.

"Bibi," nikasema, "wamekuandika neno zuri. Ni neno la wanaorudi nyumbani. Nimeliona mara tatu, wote walirudi."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

Aliinua mikono akashukuru, akaomba simu. Nikampigia Makame kwa simu yangu. Bi Kidawa akasema naye kidogo, pumzi ikamsumbua, akanirudishia mimi. "Mwambie weye, weye umeona kwa macho."

Nikamwambia. Kaka, usiwe na wasiwasi, mama anaruhusiwa, limeshaandikwa. Malizia karafuu zako, uje kumwona akiwa nyumbani. Nilisikia upande wa pili mtu anashusha pumzi ndefu. "Dada, Mungu akulipe," akasema. "Hujui umenitua mzigo gani."

Jumanne mchana, boti ikiwa imeshafika bila Makame, nilikuwa nakunja na Mzee Benedikto. Nikaona ndiyo saa yangu. Nikalitamka neno langu, nikampa na maana yake, nikamweleza nilivyolipata, vitanda vitatu, mashuka ya ziada, kurudi nyumbani. Nikangoja asifu.

Aliacha kukunja. Shuka likalala mikononi mwake.

"Wale watatu," akasema, "uliwafuata nyumbani?"

"Hapana."

"Basi umelijua neno mpaka getini tu." Akalishika lile shuka, akajitanda mabegani, mzee mzima, katikati ya mvuke. "Bibi yake ni *pallium*. Joho la kujitanda, la kufunika. Ukimkuta mtu ananyeshewa na huwezi kuizuia mvua, unafanya nini? Unamfunika. Dokta akiliandika hilo amesema ugonjwa siuwezi tena, ninamfunika mtu asiumie. Wanarudi nyumbani, ndiyo. Wanarudi kufia kwao."

Sikulia pale. Nilimwambia habari ya simu na ya boti. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kamwambie sista wa wodi. Halafu kamwambie mwenyewe Bi Kidawa, usimtume mtu. Neno limetoka kinywani mwako."

Sista wa wodi alinisikiliza, akafumba macho, akasema daktari atakuja, lakini twende wote sasa hivi kabla yule mama hajafunga mizigo. Na kweli, Saumu alikuwa anamkunjia kanga.

Nilipiga magoti kitandani. Nilimwambia nimekosea neno. Nilimwambia si neno la kupona.

Nilitaraji aseme alikuwa anajua, wazee huwa wanajua. Hakuwa anajua. Niliona uso wake ukijua pale pale, mbele yangu, na sitausahau.

"Basi mie nimemkataza mwanangu asije," akasema.

Sista akakaa kitandani akamshika, akamwambia yote polepole, namna ambayo mimi nisingeweza hata ningesoma miaka kumi. Saumu aliangusha kanga, akatoka nje, tukamsikia analia ukumbini.

Boti nyingine ilikuwa Ijumaa. Tulimpigia Makame jioni ile, simu inaita haipokelewi. Jumatano asubuhi vilevile. Wachumaji hupanda mtini alfajiri na simu huachwa dukani zikichajiwa. Saumu alimpata mwenye duka, akamwomba amfikishie habari shambani, na mwenye duka akasema shamba ni mbali lakini atamtuma mtu. Bi Kidawa alikuwa ameanza kuvuta pumzi kwa shida. Jambo alilolitaka ni moja, na mtu yeyote wa pwani analielewa: mama asiondoke kabla hajaachiana radhi na mwanawe, na mwana asikie kwa masikio yake mwenyewe. Mtu anaweza kuishi na mambo mengi, lakini kuishi bila radhi ya mama ni kujenga juu ya maji.

Kabla ya adhuhuri aliniita. Saumu alikuwa nje anapiga simu.

"Mwana wa Tongoni. Weye ndiye uliyeharibu, weye ndiye utakayebeba. Una kile kidaftari?"

"Ninacho, bibi."

"Andika. Mwambie Makame: mbuzi wa babake hakumfungua yeye. Nilimfungua mie, nikanyamaza, akapigwa yeye. Anisamehe. Na mie radhi zangu zote anazo, za maziwa na za mgongo." Akapumzika. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikamsomea. Akaniambia nilisoma haraka, nisome tena.

Alasiri hakusema tena. Makame alipiga magharibi, anahema, amekimbia kutoka shambani. Nikaiweka simu sikioni kwa mama yake, nikamsikia anaita, mama, mama, mie Makame. Vidole vya Bi Kidawa vilicheza juu ya shuka, basi. Nikairudisha simu kwangu, kijana akaniuliza, "Kasema nini? Kaniitikia?" Nilikuwa na jibu zuri tayari mdomoni. Lilikuwa jepesi, tena la huruma. Nikalimeza. Nikamwambia hakuitika, kaka, lakini kuna maneno ameniachia asubuhi nikuandikie, nikusomee? Akasema la. "Maneno ya simu mie basi. Ntakuja."

Alifariki Alhamisi asubuhi, Saumu akimtilia maji mdomoni kwa pamba na mama wa kitanda cha jirani akimsomea Yasini. Tulimzika siku ile ile. Wazee wa msikiti walisema maiti haingoji boti, nao walikuwa wanasema kweli.

Usiku ule na asubuhi ya Ijumaa nilifikiria kuyapamba yale maneno. Niliyaona makavu, habari ya mbuzi inahusu nini kwa mtu aliyefiwa? Nilitaka kuanza na radhi, niongeze kwamba alimtaja kwa mapenzi, nimwache mbuzi nje. Mzee Benedikto akanikataza. "Mzigo wa mtu haufunguliwi njiani," akasema. "Ufikishe ulivyofungwa."

Makame alikuja nyuma ya majengo, kwenye kamba za kuanikia, Saumu amemwongoza. Kijana mwembamba, kucha nyeusi kwa utomvu wa karafuu, harufu yake ilimtangulia. Alishatoka kaburini, magoti ya suruali yana mchanga. Alisimama kati ya mashuka yaliyoanikwa asijue aweke wapi mikono.

"Weye ndiye Mwanakombo?"

"Ndiye."

"Uliniambia anaruhusiwa."

"Nilikwambia."

"Haya. Na hayo maneno unayosema kakuachia, mie nitajuaje si ya kwako tena?"

Nikafungua kidaftari nikamsomea, polepole, kama nilivyoagizwa. Nilipofika kwa mbuzi alinyanyua kichwa.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Nilimfungua mie, nikanyamaza, akapigwa yeye.

Alitoa sauti, sijui niiite kicheko. Akamgeukia Saumu. "Umesikia? Babangu kafa ananiita mzembe. Mkono huu ulivunjika kwa kipigo cha yule mbuzi. Na mie mwenyewe nikaamini ndiye mie niliyemwacha bila kumfunga." Akakaa chini pale pale kwenye saruji mbichi. Saumu akakaa pembeni yake. Mimi nilibaki nimesimama na kidaftari, na upepo unatupiga mashuka usoni wote watatu.

Makame akasema, "Haya si yako. Haya huwezi kuyatunga." Akaniomba ukurasa. Nikauchana, nikampa, akaukunja mara nne akautia mfuko wa shati.

Ndipo nikamwomba na mimi. Nilipiga magoti, nikasema kaka, nakuomba radhi. Nilijifanya najua nisichokijua.

Alinitazama bila ukali. Hilo ndilo linaloniuma, hakuwa na ukali.

"Dada, ya mama nimeipokea," akasema. "Yako siiwezi leo. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nasema tu. Ikinijia, nitakuja kukwambia."

Akaondoka na Saumu. Nilipewa onyo langu la maandishi, na lilikuwa haki. Ndoto ya uuguzi sikuiacha siku ile, iliniacha yenyewe taratibu, nayo sikuililia sana. Nilibaki kuwa mfuaji mzuri. Mzee Benedikto aliendelea kunifundisha maneno miaka miwili zaidi mpaka macho yakamkatalia cherehani, akarudi kwa binti yake. Kila neno nililoliokota peke yangu nilimpelekea kwanza.

Na ninyi mtaulizwa. Mfuaji hana koti la kuogopesha, ndiyo maana mgonjwa atamshika mkono yeye na si daktari, amwambie mwanangu hapo wameandika nini. Semeni, ngoja nimwite sista, kisha mwiteni kweli, na msiondoke kitandani mpaka afike. Hata kama neno mnalijua. Hata kama mnalijua na bibi yake.

La mwisho si la kazi. Saumu alihama, namba ya Makame siku hizi haipatikani. Misimu ya karafuu imepita kadhaa, nami kila msimu ukiisha nilikuwa nachelewa kutoka kazini, naanika polepole. Sasa sipo hapo. Akitokea mtu mwembamba wa Pemba nyuma ya jengo, akaulizia Mwanakombo, msimwambie amestaafu mkamwacha aende zake. Mpeni maji. Mwambieni nipo Tongoni, nyumba ya pili ukishuka kutoka barabarani, mlango wa kijani, na kwamba ninashinda nyumbani.